Namna Nilimupeleka Shanga ku Mangina

Tangu nilirudia, kila mutu anayepita ku mulango yangu anaingiza kichwa na kuuliza: "Paluku, ilikuwa namna gani?" Nikifika katikati ya hadithi, mwingine anaingia, ninaanza tena, na sauti inakauka bure. Njo maana nimeshika bic ya kuandika. Mimi nilisoma paka deuxième primaire, darasa ya pili, mustari ikienda kombo musinicheke, muifuate tu. Habari ya makaratasi ya njia sitaandika. Mwenye aliitafuta wakati ile ya vita anaijua, na mwenye hakuitafuta ashukuru Mungu.

Butembo

Nianze na Shanga, juu batoto ba leo habamujui. Shanga ni mwanamuke wa filme, Muhindi. Jina yake ya kweli hakuna mutu anaijua, juu ile kipande ya mwanzo, pale majina yanapita, iliungua zamani ndani ya mashini ya kuonyeshea. Ni sisi batu ba Butembo tulimubatiza: alivaa shanga mistari tatu ku shingo, basi, Shanga. Bamama ba hapa balianza kuvaa vile vile, hata ku misa, paka padiri akasema anaona shingo tu, haoni tena batu. Hizi filme za sasa, batu banarukaruka na bunduki. Bunduki sisi tunaona kila siku ku barabara, nani atatoka mu nyumba yake kwenda kutazama bunduki ingine? Shanga alikuwa anashuka escalier ya gorofa. Anashuka tu, polepole, na salle muzima inanyamaza.

Filme yenyewe ni bobine tatu za mukanda. Shanga anaolewa na bwana wa chemin de fer, njia ya train. Batu babaya banamudanganya bwana, naye anamufukuza muke wake na mvua inanyesha. Kisha bwana anajua ukweli, anamufuata paka ku gare, anapiga magoti. Shanga anapanda train, train inakwenda. Imeisha.

Ile filme na mashini yake vilikuwa vya Muhindi moja muchuruzi wa hapa. Siku alifunga magazini na kurudi kwao, alituachia, mimi na rafiki yangu Kakule. Kakule alikuwa mutu wa mashini. Mimi nilikuwa kinywa. Filme inasema Kihindi, sivyo? Basi mimi nasimama mbele ya kitambaa, mugongo ku filme, uso ku batu, fimbo ku mukono, na ninawaambia yote inasemwa mule. Kihindi sikijui hata neno moja. Nilijua njia kwa muziki: ngoma ikilia hivi, bwana anakuja, filimbi ikilia vile, ni mama mukwe. Na batu balilia na kucheka, haiko uongo, mulikuwa pale.

Sasa ule mwisho. Batu habakupenda Shanga aende. Siku ya kwanza mama moja alisimama anataka kupasua kitambaa. Basi mimi, mutu wa huruma, nikaanza kutangaza: "Anakwenda kusalimia mama yake! Atarudi mwezi ujao!" Makofi, vigelegele! Lakini Kakule alikasirika.

"Ule mwanamuke haendi kusalimia mutu," aliniambia. "Unamufanya muongo. Na wewe hii filme hujaiona hata siku moja. Unaona paka meno ya batu tu."

Nikamujibu meno ya batu njo kazi. Siku moja, salle imejaa, nikisema tu "mwezi ujao", akazima mashini. Giza. Tukarushiana maneno mbele ya batu bote, maneno hata sasa siwezi kuandika. Kesho yake tukagawa vitu, sawa muke na bwana banaoachana: yeye akabeba mashini, akahamia Mangina, kupita Beni, kulima kahawa. Mimi nikabaki na bobine. Miaka zaidi ya makumi mbili: mashini bila filme, filme bila mashini, na vichwa ngumu mbili.

Njo akafika Kavira, binti ya Kakule, aliyekuwa anapandisha mafuta ya ngazi, mawese, ku soko yetu. Hakuketi hata.

"Papa Paluku, baba ananituma. Jicho ya kushoto imekufa. Ya kuume inaona sawa mutu anayeangalia ndani ya moshi ya jiko, na docteur alisema haitafika mwisho wa mwezi. Anataka kumuona Shanga mara moja tena."

"Alisema tafazali?"

"Hapana. Alisema, 'Ambia ule muongo alete bobine zangu.'"

"Zake?"

"Njo vile alisema, Papa."

Nikacheka. Kisha, Kavira alipotoka, nikatoa zile malata tatu za bobine chini ya kitanda na kuzipanguza mavumbi. Jicho ya mutu haingojee vita iishe.

Matope ya Kabasha

Nilipanda camion ya Amisi, mutoto wa Waislamu ba Bungulu, batu ba kusafirisha vitu tangu babu yao. Tulibeba choux, zile kabeji, na viazi. Mbele ya kutoka Amisi alisema bismillahi, sisi Wakatoliki tulioketi juu ya choux tukafanya alama ya musalaba, na camion ikakataa kuwaka. Tulisukuma paka ku kona ya soko, batu banatucheka.

Ku mulima wa Kabasha camion ya mutu mwingine ilikuwa imelala njiani kama ngombe mugonjwa. Nyuma yake sisi, nyuma yetu bengine. Mvua haikuacha. Tulikaa pale siku mbili. Siku ya kwanza mwenye choux alikataza mutu kugusa. Siku ya pili njaa ilimushika yeye pia, akapasua ya kwanza na mikono yake. Tulipika ndani ya ndoo ya Amisi, na chumvi, na pilipili ya mama moja, Mama Kahindo, muchuruzi wa maharagi. Hakuna choux nimekula tamu sawa ile, ingawa ilikuwa na harufu ya mazout ya camion.

Mama Kahindo aliona namna nafunika malata na kitenge, na mugongo yangu inalowa.

"Muzee, nini iko mule, unaiangalia vizuri kupita mwili yako?"

"Shanga."

"Shanga gani? Za kuuza?"

"Shanga mwenyewe. Ule wa filme."

Ule mama aliacha kijiko ndani ya ndoo. "Yesu! Wewe ni ule kinywa? Ule wa fimbo? Mimi, siku balimufukuza Shanga mu mvua, nililia paka bwana yangu akauliza nani amekufa kwetu. Binti yangu wa kwanza nilimupa jina Shanga, padiri alikataa, nikaongeza Maria mbele, akakubali."

Nikajisikia munene. Mutu anashindwa kulala mu matope, na bado anakutana na mutu anayemukumbuka.

"Mais niko na maneno na wewe," akasema. "Ulisema atarudi mwezi ujao."

"Nilisema, ndiyo."

"Mimi na dada yangu tulingojea ile mwezi. Tukaosha nguo, tukatembea na miguu toka Maboya, kutazama namna anarudi. Mukaonyesha paka ile ile filme! Anaolewa tena! Dada yangu akasema pengine ni mwezi ingine. Tulikuja mara tatu."

Batu ba juu ya camion balicheka paka moja akateleza. Nami nilicheka. Lakini usiku—hapana, haikuwa usiku, ilikuwa kesho yake asubuhi, tukisukuma—nikamuwaza ule dada mara tatu ku njia ya Maboya, nguo imeoshwa, na kicheko haikutoka vizuri.

Barrière

Karibu na Beni kulikuwa barrière ya basoda, kizuizi ya baaskari. Kila kitu chini, kila mutu chini. Soda moja akavuta kitenge yangu, akaona malata: ya duara, ya chuma, mufuniko juu, sawa bombe ya kufukia ku njia. Uso wake ukabadilika rangi.

"Mine! Mine! Lala na mabele!"

Bote balijitupa chini. Amisi chini, Mama Kahindo chini, hata mbuzi ya mutu moja ililala, sijui nani aliielezea. Mimi peke yangu nikabaki nimesimama na malata tatu ku kifua.

"Vieux, weka chini!"

"Chef, nikiweka chini zitaingia matope."

"Weka chini, nitapiga!"

"Chef, ni filme! Matope ikiingia, imeharibika!"

Njo akatoka mu kibanda chao ajida, mukubwa wao, kichwa nyeupe sawa yangu. Alitembea polepole paka mbele yangu, akanusa lata. Filme ya zamani iko na harufu kama siki. "Fungua," akasema. Nikafungua, nikavuta kipande, nikamushikia ku jua. Akafunga jicho moja. Akaona Shanga mudogo, Shanga makumi mbili, mistari tatu ku shingo.

"Oyo nani?"

"Shanga, chef."

"Mimi nilikulia mu camp, baba yangu alikuwa soda. Balituonyesha filme za Bahindi. Nilimupenda moja alikuwa na alama hapa," akagusa shavu. "Ule alimupita huyu."

"Hapana, chef."

"Hapana nini?"

"Hakumupita. Shanga alimupita ule wa alama."

Toka chini ya matope Amisi akasema kwa sauti ya machozi: "Muzee, nakuomba kwa jina ya Mungu, kubali wa chef ni muzuri zaidi!"

"Siwezi kukubali, ni uongo."

Ajida aliniangalia, akamuangalia Shanga tena ku jua. Kisha akacheka, cheko ya tumbo, na basoda bake bakacheka juu yeye amecheka. "Basi nitamuchunguza mwenyewe," akasema. "Utaniachia moja." Akachukua kisu, akakata kipande ya urefu wa kidole, mu bobine ya pili pale anacheza ngoma, akaiweka ndani ya kofia yake. Nilisikia ile kisu ndani ya tumbo yangu. Lakini barrière ilifunguka, na batu balisimama matope paka ku ndevu, na Mama Kahindo akaniambia mimi ni mupumbavu kupita bote aliowaona, na akanipa ndizi.

Bungulu, siku ine

Amisi alinifikisha kwa dada yake mukubwa, Mama Zaina, ku Bungulu, ndani ya Beni. Nilizani nitalala usiku moja na kuendelea. Asubuhi tukasikia njia ya Mangina imefungwa, kuna masasi, bunduki zinalia. Basi ngojea.

Mama Zaina alinipa wali na nyama, na samaki ya ziwa siku ya pili, na siku zote alinikaripia juu sikuli vizuri. Nitakula namna gani? Kila siku ilipita nilikuwa najiuliza ile moshi mu jicho ya Kakule imefika wapi.

Siku ya tatu saa ine nikasikia makelele mu kiwanja ya parcelle. Bamama kumi na zaidi, mavazi ya sikukuu, moja na maua mu kopo. Mutu wa camion alikuwa amesema ku soko, "Shanga amefika, iko kwa Mama Zaina," na maneno ilitembea vile.

"Iko wapi?" bakauliza.

"Nani?"

"Shanga! Tumekuja kumusalimia."

Nami, bila kuwaza, nikaonyesha kidole: "Iko mu malata."

Bakaangalia malata. Kisha moja akashika kichwa. "Bahindi banachoma maiti yao, mi najua! Ni majivu! Shanga amekufa!" Wee, kilio ikaanza. Kilio ya kweli, mikono ku kichwa, maua ku udongo, na Mama Zaina akatoka jikoni analia naye bila kujua nani amekufa.

Ilinichukua wakati murefu kuwanyamazisha. Nilifungua malata, nikawaonyesha moja moja ku jua. Moja akapanguza macho, akauliza:

"Donc iko muzima?"

"Iko muzima."

"Unajua namna gani?"

"Mwanamuke sawa ule hawezi kufa bila sisi kusikia."

Ile jibu iliwatosha. Mimi pia ilinitosha. Balikula wali yote ya Mama Zaina, bakaimba nyimbo za filme na maneno ya Kihindi banayotunga benyewe, na mimi kama kinywa ya kale nikawasahihisha na maneno ninayotunga mimi.

Siku ya ine basoda balifungulia njia batu ba kinga tu, baiskeli zile za kubeba mizigo. Camion hapana. Nikasema, kinga hata.

Kwenda Mangina

Baba moja wa kinga alifunga malata ku porte-bagages na kipande ya mupira ya chambre à air, mimi nikatembea nyuma nashika. Jua ya kule chini haiko jua ya Butembo, inaketi juu ya mutu. Mara mbili tuliingia mu kahawa ya batu juu ya masasi ya mbali. Tulikula mihogo mbichi. Ule baba aliniuliza kama malata ni mukate wa misa, nikamuambia karibu vile.

Tulifika kesho yake muchana. Kakule alikuwa ameketi mbele ya nyumba anachagua kahawa na vidole, mbaya huku, nzuri kule. Nilisimama hatua tatu mbele yake, kofia ku mukono. Akainua uso.

"Ni nani?"

Mulikuwa mwangaza mingi. Jua ku uso wangu. Njo pale nilielewa.

"Ni muongo," nikasema.

Vidole vyake vilisimama. "Umekawia."

"Matope. Barrière. Masasi."

"Tangu siku tatu naona paka mwangaza na giza. Kitu ikipita ku mulango, najua imepita. Kama ni wewe ao ni ngombe, sijui."

"Ngombe iko na pembe."

Hakucheka. Na mimi, mutu wa maneno, niliketi pale chini karibu na kahawa yake, nikaanza kuchagua naye, mbaya huku, nzuri kule.

Salle ya Kakule

Munaoniuliza bobine ziko wapi: nilimuachia Kakule, na mashini yake, hazina kazi chini ya kitanda yangu. Na kurudi sitaandika, nililala mu camion paka Butembo.

Kesho yake Kavira alisema: "Baba, mashini iko, filme iko, tutaonyesha hata vile." Jirani alileta groupe ya mashini ya kahawa, ile inayotoa umeme. Tukaziba madirisha na blanketi, saa tisa ya muchana, nyumba ikawa giza na joto sawa tanuru, na batu ba Mangina bakajaa paka juu ya kitanda. Kakule alipitisha filme ndani ya mashini na vidole, kila jino, kila gurudumu, haraka kunipita mimi na macho yangu mbili. Nikachukua fimbo, nikaenda mbele ya kitambaa.

"Unakwenda wapi?" akasema.

"Ku kazi yangu."

"Keti hapa, pembeni yangu. Uso ku kitambaa. Sema unachoona, paka icho. Ukiongeza neno moja, nazima."

"Ulisha kuzima mara moja."

"Nitazima tena."

Nikaketi. Basi nikasema ninachoona, na kazi ile ilikuwa nguvu, musizani. "Anashuka escalier." "Mukono iko wapi?" "Ku ukuta." "Ndiyo." Mu bobine ya pili picha ikaruka, tak. "Nani amekata?" "Soda." "Amekata vibaya," akasema, "nitaishona." Batu banasikiliza mimi na yeye sawa banasikiliza filme mbili.

Bobine ya tatu. Gare. Bwana anapiga magoti. Shanga anapanda. Hapa, miaka yote, nilikuwa nainua fimbo na kutazama batu. Sasa fimbo ilikuwa chini, na uso wangu ulikuwa ku kitambaa, na train ikaanza, nami nikanyamaza.

"Kinywa imekauka?" Kakule akauliza.

"Ninaangalia."

"Sema!"

"Haangalie dirisha. Ameketi. Anafungua kifurushi ku magoti."

"Kisha?"

"Mukate." Nawaapia, sikuijua ile mukate. "Anakula."

"Anakula namna gani?"

"Na mikono mbili. Sawa mutu aliyetoka shambani. Makombo inaanguka ku shanga."

Mama moja toka juu ya kitanda: "Akule, maskini! Akule!"

"Analia?"

"Hapana. Kinywa imejaa. Sasa anacheka kidogo, peke yake."

"Na bwana?"

"Haonekane tena."

Kakule aligeuza ile uso yake isiyoona, akaniuliza mbele ya batu bote, polepole: "Atarudi mwezi ujao?"

Meno ya batu sikuyaona, lakini nilijua banataka nini, mimi nawajua batu.

"Hapana, Kakule," nikasema. "Harudi."

Filme iliisha, mukia wake unapiga mashini, fla, fla, fla. Kakule alipiga paja yake, akacheka, akacheka paka Kavira akashika mashini isianguke. Kisha mukono wake ukatafuta bobine, ukaipata, ukaanza kuizungusha nyuma.

"Sema tena," akasema. "Na usikimbilie mukate."